Makasha ya Namba Kumi na Nne

Makasha yalirudi Jumanne, saa nne asubuhi, juu ya lori lile lile lililoyachukua wiki mbili nyuma. Dereva hakushuka. Aliteremsha kioo, akatoa bahasha, akasema ameagizwa asirudi nayo, kisha akaendelea kuchezea simu yake huku wanachama wa chama cha wafugaji nyuki wakishusha wenyewe makasha mia tatu na kumi ya asali ya masega, ile inayouzwa pamoja na nta yake, imekatwa vipande vya mraba. Hakuna aliyemsemesha. Siku ya kupakia watu walikuwa wametaniana mpaka wakaangusha kasha moja. Siku ya kushusha kila mtu alikumbuka shughuli aliyoiacha nyumbani.

Barua ilisomwa na Katibu, maana kusoma barua ndiyo kazi ya katibu, hata iwe barua ya kukata maini. Mnunuzi alisema maabara yake imekuta mabaki ya dawa za ukungu, zile zinazopuliziwa miti ya matunda, aina nne kwa jumla. Katika asali yenyewe yalikuwa kidogo. Yaliyozidi kiwango yalikuwa kwenye nta, na kwenye chavua iliyoshikana na nta. Walikuwa wamefungua makasha matatu ya juu, na yote matatu yalikuwa na namba kumi na nne, namba ya mwanachama mmoja. Kama chama kitamwondoa mwenye namba hiyo na kuandika kwamba chanzo kimeondolewa, makasha mengine yatapokelewa bila maswali.

Watu wote wakageuka kumtazama Mgeni.

Alikuwa na miaka sita pale, na bado aliitwa Mgeni. Ni mjane, mwembamba, msemaji wa maneno machache, mwenye mizinga kumi na mmoja upande wa juu, mbali na bustani ya matufaha inayopuliziwa dawa kuliko mwanachama mwingine yeyote. Makasha yake yalikuwa juu ya mengine lorini kwa sababu siku ile alipimiwa wa mwisho. Kila mara alipimiwa wa mwisho, hata akiwahi kufika. Sasa kule kusukumwa nyuma kukageuka ushahidi.

"Nyuki wangu hawafiki bustanini," alisema.

"Umewafunga kamba?" mtu akauliza.

Wakacheka, si kwa sababu ilichekesha sana, bali kwa sababu walikuwa wameshikwa na hofu na sasa walimwona wa kumtwisha. Mwenyekiti akasema mkutano ni Jumamosi saa tisa, na mwenye namba kumi na nne asikose. Mgeni aliokota shali yake, akatafuta kwa macho makasha yake matatu yaliyofunguliwa, akayabeba moja moja mpaka nyumbani kwake. Alikwenda na kurudi mara tatu. Hakuna aliyemsaidia, na wengine waliokuwa na mikokoteni walijifanya kukaza magurudumu.

* * *

Mke wa Katibu aliitwa Mama Nta, na jina hilo alilifanyia kazi. Karatasi za nta zote za chama zilitoka jikoni kwake. Ni karatasi nyembamba zenye alama za vyumba vya nyuki. Mfugaji huzifunga ndani ya fremu, na nyuki hujenga masega juu yake bila kupoteza siku nyingi. Mama Nta aliyeyusha masega ya zamani kwenye sufuria kubwa, akachuja kwa gunia, akachovya ubao uliolowa maji, akabandua nta ikiwa bado vuguvugu, kisha akaipitisha kwenye mashine ndogo ya mkono yenye roli mbili. Kazi hiyo alifundishwa na mama mkwe wake miaka kadhaa baada ya kuolewa, na mikono yake ilikuwa laini kupita ya wanawake wengine wa rika lake. Alijivunia mambo mawili. Karatasi zake hazikuwahi kupasuka, na nta yake haikuwahi kununuliwa nje. Ilikuwa ni nta ya nyumba moja, inayeyushwa, inajengewa, inarudi, inayeyushwa tena.

Katibu alipomweleza habari za barua, Mama Nta alikuwa anamenya viazi.

"Lakini mizinga ya Mgeni haijawahi kukanyaga bustanini," alisema. "Yetu ndiyo inayokwenda."

"Yetu inakwenda kwa mkataba. Na asali ya bustanini tunaitenga, kila mtu anajua. Hatukutia hata kijiko kwenye makasha."

"Sasa dawa ya kwake imetoka wapi?"

"Mke wangu, mimi ni katibu, si nyuki."

Kila mwaka, matufaha yakichanua, mizinga ishirini ya Katibu ilipelekwa bustanini kwa wiki tatu ili nyuki wachavushe maua. Malipo yake ndiyo yaliyomsomesha binti yao mkubwa chuo cha uuguzi, na yalikuwa yameanza kumsomesha mdogo. Kwa hiyo Katibu hakupenda mazungumzo yanayoanza na neno bustani. Hata hivyo Jumatano aliamka, akavaa shati la mikutano, akaenda kuuliza.

Msimamizi wa bustani alimweka kwenye benchi karibu na bomba ambapo vijana wa dawa huosha pampu zao. Alikaa hapo saa nzima na ushee. Maji ya rangi ya maziwa yalipita chini ya viatu vyake, akanyanyua miguu, kisha akaona aibu kukaa kama mtoto aliyenyanyua miguu, akaishusha. Alipoitwa, hakuambiwa akae.

"Tunapuliza dawa ya ukungu, mzee, si ya wadudu," msimamizi alisema. "Bila hiyo, mvua ikinyesha kwenye maua nakosa nusu ya matunda. Mkebe wenyewe umeandikwa haina madhara kwa nyuki. Nikusomee?"

"Ninajua kusoma."

"Haya. Kuna nyuki wako aliyekufa?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hawakufa. Ila wanabeba ile chavua nyumbani, na..."

"Basi nyuki wako wazima, matunda yangu mazima. Sasa ugomvi uko wapi?" Msimamizi alifunga daftari lake. "Msimu ujao kuna watu wengine wenye mizinga wameniomba nafasi. Sijawajibu. Nakuheshimu kwa sababu ni wa siku nyingi."

Katibu akashukuru. Njiani kurudi ndipo alipojisikia vibaya kwa kushukuru, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nyumbani alisema tu kwamba bustani haina kosa.

* * *

Afisa nyuki alikuja Alhamisi. Mwenyekiti ndiye aliyemwomba, aje atie mhuri barua ya kusema chanzo kimeondolewa. Alikuwa msichana mdogo mwenye viatu vizito na mfuko wa ngozi, na Mwenyekiti alitarajia atie mhuri, anywe chai, aondoke. Lakini msichana akasema hawezi kugonga mhuri kabla ya kuzunguka. Asubuhi alikuwa kwa Mgeni. Saa sita akafika jikoni kwa Mama Nta.

Mama Nta alimpenda mara moja, kwa sababu aliingia akainusa hewa na kutabasamu. Alimwonyesha sufuria, gunia, ubao, roli. Alimwonyesha vipande vya nta vilivyogandishwa kwenye mabakuli, vya manjano mbele, vya rangi ya hudhurungi nyuma.

"Na hii hudhurungi, mama?"

"Masega ya zamani hayo. Ya mizinga inayokwenda bustanini. Yakizeeka nayakata, nayayeyusha."

"Peke yake?"

"Pamoja na mengine. Nta ya zamani ikichanganywa na mpya, karatasi inakuwa ngumu vizuri. Tena nyuki wanaipenda, wanaijengea haraka. Mama mkwe alinifundisha hivyo." Akaongeza kwa fahari, "Hapa ndani haijawahi kuingia nta ya kununua. Miaka kumi na tisa."

Kalamu ya afisa ilisimama. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, jambo ambalo hakuwa mtu wa kulifanya.

"Mama, asali ya bustanini mnaitenga?"

"Tunaitenga. Hilo kila mtu atakwambia."

"Na nta hamuitengi."

Mama Nta akataka kusema kwamba nta ni nta.

"Hizi dawa zinapenda mafuta," msichana alisema polepole. "Nta ni kama mafuta. Asali mnaivuna kila mwaka, inakwenda zake. Nta inabaki, na kila msimu inanywa dawa nyingine juu ya ile ya mwaka jana. Ukiiyeyusha, dawa haiondoki na mvuke. Inasambaa tu, kwenye sufuria nzima."

"Inaua?"

"Sidhani. Kwa kiasi kile nilichokiona kwenye barua, mtu hafi. Ila akila mwaka mmoja, miaka mitano, na dawa zote nne kwa pamoja, hakuna aliyepima akajua. Ndiyo maana kuna kiwango."

Mama Nta alitazama mabakuli yake. Alifikiria watoto wanaotafuna masega kama peremende na kumeza nta yake, na binti zake mwenyewe walivyokuwa wakigombania makombo ya ubaoni.

"Utaandika?" aliuliza.

"Naandika kilichopimwa. Nta hii haijapimwa, na chama ndicho kinachopaswa kuomba ipimwe. Mwenyekiti nilimwambia tupime makasha ya watu wengine pia, akasema ya wengine ni safi." Afisa alifunga mfuko wake. "Yule wa namba kumi na nne nilimwuliza karatasi anapata wapi. Akasema hakumbuki."

Mgeni alikumbuka vizuri sana, na Mama Nta alijua. Mwaka alipohamia, hakuna aliyemwuzia hata msumari bila kumzungusha. Mama Nta ndiye aliyempelekea karatasi arobaini, bure, zimefungwa kwa kitenge ili zisivunjike, akamwambia karibu. Tangu hapo kila mwaka alimpelekea, na kila mwaka Mgeni alizipokea kwa mikono miwili.

* * *

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, Mama Nta aliwaambia mume wake na mama mkwe kwa pamoja, ili asiyarudie mara mbili. Alisema bila kupamba yote aliyoambiwa na afisa. Alipomaliza, mama mkwe aliomba aletewe kipande cha nta. Akakipokea, akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa.

"Harufu ni ile ile," alisema.

"Dawa haina harufu, mama. Ndivyo afisa alivyosema."

"Wakati wangu bustani ile ilikuwa malisho ya ng'ombe." Bibi huyo alikuwa amelea watoto saba kwa mikono yake, na hakuwa na desturi ya kujitetea. "Sikukufundisha vibaya, mwanangu. Nilikufundisha jinsi ilivyokuwa."

"Najua, mama."

"Haya. Sasa mjue la kufanya, nyinyi wenye macho." Akakiweka kile kipande mezani, mbali naye kidogo.

Katibu alingoja mama yake aende kupumzika.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi liishie hapa." Alikaa karibu naye na kushusha sauti, si kwa ukali. "Fikiria vizuri. Karatasi zako ziko kwenye makasha yote, si ya Mgeni peke yake. Ukisema, mia tatu na kumi yote ni takataka. Ya Mwenyekiti, ya yule mwenye mapacha, ya wale wazee wawili wa darajani. Msimu mzima. Na fremu zote za chama itabidi zichomwe. Ukinyamaza, kinachopotea ni cha mtu mmoja."

"Mtu mmoja asiye na kosa."

"Ana mizinga kumi na mmoja tu. Ataishi."

"Ataishi kwa kitu gani? Atauza wapi? Akifukuzwa kwa sumu, hata sokoni hawatamgusa."

"Tutamsaidia. Kimya kimya. Nta iliyobaki utaimwaga, tutanunua safi, tuanze upya mwaka ujao, na hakuna atakayejua. Si tumekosea bila kujua?"

"Juzi ndiyo tulikuwa hatujui," mke wake alisema.

Katibu alifunika uso kwa viganja. Hakuwa mtu mbaya. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameandika kumbukumbu za chama bila kumpendelea mtu, na watu walimwachia funguo za ghala bila kufikiri. Ndiyo maana alikuwa na kitu kikubwa cha kupoteza. "Nakuomba," alisema. "Sijawahi kukuomba jambo zito. Jumamosi usiseme."

Mama Nta akainuka, akaanza kukusanya vyombo. Katibu akadhani amekubali, na mke wake mwenyewe hakuwa na hakika kwamba hajakubali.

* * *

Ghala lilijaa kabla ya saa tisa. Makasha yalikuwa yamepangwa ukutani mpaka karibu na dari, na watu walikalia mabenchi wakiyapa mgongo. Mgeni alikaa peke yake kwenye benchi la watu wanne. Mama Nta, aliyekuwa mwanachama kwa haki yake, namba tatu, alikaa safu ya pili. Katibu alikuwa mezani na kitabu cha kumbukumbu.

Mwenyekiti aliongea kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kuliko matusi. Alisema hakuna anayemchukia mtu. Alisema chama ni kama mwili, kidole kikioza daktari anakikata. Alimwuliza Mgeni kama ana la kusema.

"Nilishasema," Mgeni alijibu. "Nyuki wangu hawafiki bustanini."

"Kuna kingine?"

Mgeni akainua macho na kumtazama Mama Nta, bila hasira, kama mtu anayetazama njia kuona kama kuna anayekuja. "Hakuna kingine," alisema.

"Basi wanaokubali namba kumi na nne iondolewe, wainue mikono."

Mikono ilianza mbele, ikaenda nyuma. Wengine waliinua kwa haraka wamalize, wengine nusu, kiwiko kikiwa bado kwenye goti. Mama Nta aliona mkono wa jirani yake wa kulia, kisha wa kushoto. Alimwona mume wake mezani, macho yakimsihi. Alifikiria mapacha, wazee wa darajani, ada ya chuo, mama mkwe akinusa nta. Na mkono wake ukapanda. Hakuusukuma, lakini pia hakuuzuia. Ulikuwa juu pamoja na ya wenzake, na Mwenyekiti alikuwa ameanza kuhesabu.

Alifika kumi na saba Mama Nta aliposimama, mkono ukiwa bado hewani.

"Karatasi zake ni zangu," alisema.

Mwenyekiti alisahau alipofikia. "Nini?"

"Karatasi za nta alizofungia fremu zake. Nilimpa mimi, kila mwaka. Nimezitengeneza kwa nta ya mizinga yetu inayokwenda bustanini. Dawa imo ndani ya nta. Si nyuki wake walioileta, ni mimi." Ndipo alipoushusha mkono. "Na karatasi zenu ni hizo hizo. Wote. Makasha yote haya."

Watu waligeuka, mmoja baada ya mwingine, kuyatazama makasha waliyoyapa mgongo. Mama wa mapacha alianza kulia bila sauti. Mzee mmoja wa darajani aliuliza, "Na masega tuliyokula nyumbani?"

"Katibu," Mwenyekiti alisema, "hilo usiliandike kwanza. Tulizungumze sisi kwa sisi. Barua ya mnunuzi inamtaja mtu mmoja tu."

Katibu alikuwa ameshika kalamu. Alimtazama Mwenyekiti, rafiki yake wa miaka mingi, kisha akamtazama mke wake, aliyesimama peke yake katikati ya watu waliokaa.

"Ni miaka mingapi sasa unachanganya hiyo nta?" alimwuliza, kwa sauti ya kikao.

"Kumi na tisa."

"Bustani ina miaka kumi na miwili." Akaandika. Kalamu ilisikika. "Weka kumi na miwili. Na andika pia kwamba mizinga hiyo ni ya Katibu, aliyeipeleka bustanini yeye mwenyewe." Alikuwa anajiagiza mwenyewe, na hakuna aliyecheka. Alipomaliza aliugeuza ukurasa upande wa Mwenyekiti ili ausome, akaweka funguo za ghala juu yake.

Yaliyofuata yalichukua saa mbili na hayakuwa mazuri. Kuna walioita familia ile majina. Kuna waliotaka makasha yauzwe mbali, kwa watu wasiopima, na kura ya hilo ilishindwa kwa mikono mitatu tu. Mwishowe walikubaliana afisa aitwe, nta yote ipimwe, fremu zitolewe. Namba kumi na nne ilibaki namba kumi na nne, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitaja tena. Hakuna pia aliyemwomba radhi.

Mgeni alitoka kabla kikao hakijafungwa. Mama Nta akamfuata, akampata kwenye njia ya juu, akatembea nyuma yake hatua kadhaa bila kujua aanze vipi.

"Afisa alikuuliza karatasi umetoa wapi," alisema hatimaye. "Ukasema hukumbuki."

"Ningemwambia nini, dada? Ni wewe peke yako uliyenikaribisha hapa."

"Nisamehe. Nilichelewa, lakini nimesema."

"Umesema, nimesikia. Mwingine asingesema." Mgeni alisimama, akageuka. Uso wake ulikuwa mchovu tu. "Usinidai shukrani leo. Nitakuja kushukuru siku nyingine, nikiweza."

"Sijaja kudai shukrani."

"Najua." Akarekebisha shali yake begani. "Lakini nilikuwa nakutazama wewe, dada. Wale wengine sikuwatazama hata mmoja. Na mkono wako niliuona."

Akaendelea kupanda. Mama Nta akabaki njiani, mkono wa kulia ukiwa umeshikwa na wa kushoto, mpaka Katibu alipotoka ghalani na kuja kumchukua.